Mwandiko wa Kasmuri Uliosafiri Bila Ruhusa

Saa mbili asubuhi, uani kwa Kasmuri, Ponirin ameshika brashi kama mtu aliyekabidhiwa nyoka.

Mbele yake kitambaa cheupe kimevutwa kwenye fremu ya mianzi. Juu yake bata wa manjano, jogoo mwekundu na kambare mwenye masharubu wamekwisha kukauka. Chini yao zimejipanga herufi nene nyekundu zenye ukingo wa kijani, zimeinama kidogo kulia kama watu wanaokimbilia chakula: Pecel Lele Cak Poniri, yaani kambare wa kukaanga wa Kaka Poniri. Imebaki n.

"Paka, bwana. Haiumi," anasema Kasmuri, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nikiharibu?"

"Utaharibu tu. Kila mtu huharibu. Paka."

Lilik, mke wa Kasmuri, anachungulia kutoka jikoni na ufagio mkononi. "Binti wa watu ulimposa mbele ya wajomba zake wote hukutetemeka, leo herufi moja inakutoa jasho!"

Majirani wanacheka. Ponirin anapaka. N yake inatoka na mguu mmoja mfupi, naye anaitazama kama mtu aliyevunja sahani ya mwenyeji. Kasmuri ananyanyuka, anaikagua kwa karibu, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Balikpapan nzima haitakuwa na nyingine kama hii," anasema. "Haya, kaloweke brashi kabla haijakauka."

Wiki ijayo Ponirin atapanda meli kwenda Balikpapan, ng'ambo ya bahari, na bango hilo likiwa limekunjwa ndani ya gunia, pamoja na karai, kinu cha kusagia pilipili na godoro. Ndivyo watu wa wilaya yetu ya Lamongan tunavyoondoka. Ardhi yetu hufurika mvua zikija, ikapasuka kiangazi, na kati ya hayo mawili hakuna nafasi kubwa ya kulima. Kwa hiyo tunakaanga. Hakuna mji wa nchi hii usio na hema letu kando ya barabara, na hakuna hema lisilo na bango la kitambaa lililopakwa kwa mkono.

Mkono huo, kwa mamia ya mahema, ni wa Kasmuri. Ana miaka hamsini na minane. Alianza kazi akiwa kijana, kwa fundi aliyeitwa Mbah Tarwi, yaani Babu Tarwi, ambaye sasa ni marehemu, katika kijiji hiki kilicho karibu na Babat. Bango moja huliuza rupia 350,000, na likitunzwa hudumu miaka mingi. Zamani alikuwa akipata kazi za mabango kama ishirini kwa mwezi. Mwaka jana, mwezi mzuri ulimpa sita.

Kilichotokea hapo katikati ndicho kinachoelezwa hapa. Kielezwe kwa ukamilifu, kwa sababu walaji wana kawaida ya kusahau, na walioliwa hawana anasa hiyo.

Kwanza hiyo herufi ya mwisho. Katika uga wa Kasmuri, fundi hamalizi bango. Herufi ya mwisho ya jina hupakwa na mwenye hema mwenyewe. Wageni hudhani ni mkosi au baraka, lakini sababu yake ni magari ya manispaa.

Miaka ile ya themanini na tisini magari yale yalikuwa yakija bila taarifa. Askari walishuka, wakang'oa mahema, wakabeba meza, majiko na mabango, wakavitupa kwenye ghala. Aliyetaka vitu vyake alilipa faini, kisha akaachwa mlangoni achague chake. Mabango mia, yote ya mkono mmoja, yote na bata yuleyule.

"Watu walikuwa wanagombana ghalani," anakumbuka Kasmuri. "Huyu anasema langu, yule anasema langu, na askari anafurahi. Mbah Tarwi akasema, basi, kuanzia leo kila mtu atie mkono wake. Herufi moja tu. Hata ukiwa na homa, mkono wako utaujua."

Magari yalipungua. Desturi ikabaki.

Mwaka juzi kijana mmoja alizunguka Surabaya na kamera. Alikuwa na adabu, alikula, alilipa, alisifu pilipili. Alipiga picha mabango ya mahema yetu mtaa baada ya mtaa. Akina mama walimsogezea hata taa ili aone vizuri.

Miezi michache baadaye studio moja ya ubunifu mjini humo ilitoa fonti iliyoitwa Lapar Malam, yaani Njaa ya Usiku. Fonti ni herufi zilizowekwa ndani ya kompyuta. Wewe unabonyeza, mkono wa mtu mwingine unaandika. Hii ilikuwa nene, imelegea, imeinama kidogo kulia. Studio ilisema herufi hizo zimechorwa na wabunifu wake "kwa kuvutiwa na mtaa".

Ilipendwa kama embe la kwanza. Ilikaa kwenye menyu za mikahawa ya kahawa, kwenye kadi za harusi, kwenye fulana, chupa za sabuni, pakiti za muhogo wa kukaanga. Benki moja iliitumia kutangazia mikopo. Inaeleweka. Siku hizi kila kampuni inataka ionekane kama jirani yako. Herufi zilizonyooka zinafanana na barua ya kufukuzwa kazi, lakini herufi iliyolegea inafanana na mtu anayekukaribisha ukae. Kwa hiyo wanaacha kumwajiri mtu, wananunua mkono wake. Huyu hata hakununuliwa.

Maduka ya kuchapa nayo yakaichukua. Bango ambalo Kasmuri hulipaka kwa siku mbili, mashine ililitema kwenye turubai la plastiki kabla mteja hajamaliza sigara, kwa theluthi ya bei. Vijana wetu wenyewe walinunua hayo. Huwezi kuwalaumu, mtaji wao ni mdogo.

Kasmuri aliyaona kwa mara ya kwanza stendi ya Babat. Hakukasirika mara moja, alisema, kwa kuwa alidhani lile bango ni lake.

"Nikasogea nione nililipaka lini," anasema. "Nikakuta linang'aa kama ndoo mpya. Nikamwambia Lilik, mke wangu, kuna mtu ana mkono wangu."

"Nikamwambia basi mwambie aje akusaidie kuchota maji," Lilik anadakia.

Kilichomuumiza zaidi ni kukosa ushahidi. Herufi za mahema yetu ni za ukoo mmoja. Mafundi wa kijiji wamefundishana, wameigana, wameoleana. Alipompigia simu mtu wa studio, alijibiwa kwa upole kwamba mtindo hauna mwenyewe. Na mafundi wenzake hawakumwonea huruma. Cak Jumain, fundi wa upande wa pili wa mto, alimkuta msikitini akamchokoza mbele ya watu: "Sasa mashine inaandika kama wewe, Kasmuri. Wewe utaandika kama nani?"

Kasmuri anasema siku hiyo alivaa viatu vyake akaenda zake.

Ushahidi ulitoka kwa muuza bata.

Sumiatun, anayeitwa Yu, yaani dada mkubwa, na kila anayekula kwake, ana hema upande wa Wonokromo mjini Surabaya. Bango lake linasema Bebek Goreng Cak Narto, yaani bata wa kukaanga wa Kaka Narto. Narto alikuwa mumewe. Walikwenda pamoja kwa Kasmuri kulichukua bango, kitambo, Sumiatun akiwa na mtoto mchanga begani. Narto alikuwa na baridi yabisi vidoleni, hivyo akamwachia mkewe herufi ya mwisho. Mkono wa kulia ulimbeba mtoto, akapaka o kwa wa kushoto. Akaanzia chini, akazunguka kinyume na watu wote, na alipofika pa kufunga, tone la rangi likadondoka ndani ya duara likakauka hapo, kama harage ndani ya bakuli.

"Narto alicheka mpaka akakaa chini," anasema. "Akaniambia, umeandika jina langu ukalitilia na chakula."

Narto alifariki miaka sita iliyopita. Bango bado linatundikwa kila jioni.

Siku moja mwanawe, yule wa begani, alirudi kutoka kazini na pakiti ya muhogo wa kukaanga. Jina la muhogo huo lilikuwa na o tatu. Sumiatun alikuwa akisafisha bata. Akaipokea pakiti ile kwa mikono iliyolowa, akaitazama, akaisogeza kwenye mwanga.

Kila o ilikuwa na harage ndani yake.

"Mkono wangu ulidondosha mara moja tu maishani," anasema. "Sasa nikaona unadondosha kila mahali. Dukani, kwenye basi, kwenye fulana ya mtoto wa watu. Nikasema hapana. Lile tone nililidondosha mume wangu akiwa anacheka pembeni. Hawajui walichukua nini."

Kijana wa kamera alikuwa amelipiga picha bango la Narto, akaipenda ile o kuliko nyingine zote, akaifanya kuwa o ya fonti nzima. Watu wa ubunifu waliisifu mtandaoni. Walisema ndiyo iliyoipa fonti roho.

Sumiatun alimpigia Kasmuri. Kasmuri akamuuliza jambo moja tu: kama bango lenyewe bado lipo. Lipo.

Jumatatu iliyofuata wenye mahema walikwenda kwenye studio ile, Kasmuri akiwa pamoja nao. Walikuwa wengi, wengine wametoka Sidoarjo na Gresik bila kulala, maana kazi yao huisha alfajiri. Hawakupiga kelele wala kurusha jiwe. Walitundika mabango yao kwenye uzio, moja baada ya jingine, mpaka uzio ukaisha. Kisha wakawasha majiko wakakaanga bata.

Anayejua harufu hiyo saa nne asubuhi, na hajanywa chai, anajua kwamba hakuna mlango unaoizuia. Wafanyakazi wa studio wakaanza kuchungulia. Wakashuka. Wakakaa kwenye mikeka, wakala, wakalipa. Mlinzi alikula mara mbili.

Kijana wa kamera naye alishuka. Anaitwa Galang Widagdo, ana miaka ishirini na sita, mtoto wa fundi cherehani wa Kediri. Alitembea kando ya uzio taratibu akisoma mabango, mpaka akafika kwa Cak Narto. Akasimama.

"Niliijua kabla sijaifikia," anasema Galang. "Nilikuwa nimeikuza kwenye kioo cha kompyuta siku nzima nzima. Nilidhani nimeitengeneza mimi. Ukishinda na kitu sana unaanza kujidanganya."

Sumiatun alikuwa amesimama karibu yake na kijiko cha mafuta.

"Unamjua aliyeiandika?" akamuuliza.

"Simjui, mama."

"Ndiye anayekupakulia wali."

Galang aliwaambia wote pale, na mkurugenzi wake akisikia kutoka ngazini: ndiyo, nimeichukua hapa, na nyingine nimezichukua kwenye haya mengine. Kufikia mwisho wa mwezi hakuwa tena na kazi.

Mkurugenzi alikuwa mwepesi zaidi. Alimwita Kasmuri ndani, akampa kiti chenye mto, akampa karatasi: rupia milioni kumi na tano, na kwa malipo hayo Kasmuri akubali kwamba herufi ni za studio, na asiseme chochote tena popote.

Ni vizuri kuelewa kishawishi hicho. Jicho la kulia la Kasmuri lina mtoto wa jicho. Paa la jikoni linavuja. Kwa mabango sita kwa mwezi, fedha ile ilikuwa ni kipato cha miezi saba. Na watu wetu wamefundishwa kwa muda mrefu kushukuru wakirudishiwa ukoko wa chungu chao wenyewe. Batiki za bibi zetu zilipochapwa kiwandani, tuliambiwa tumetangazwa. Mapishi yetu yalipopewa jina la hoteli, tuliambiwa tumeheshimiwa.

Kasmuri aliomba atoke nje kidogo. Akaenda mpaka kwenye jiko la Sumiatun akamweleza.

"Chukua ukitaka, Cak," Sumiatun alimwambia. "Mvua haichezi na paa bovu. Lakini o haimo. Sikuipaka niiuze."

"Nikitia sahihi, na o imo."

"Basi unaniuliza nini? Unataka nikukataze ili usijilaumu?"

Kasmuri anacheka anapokumbuka. "Aliniumbua mbele ya bata," anasema. "Nikarudi ndani, nikamwambia bwana mkubwa asante kwa kiti."

Walichotaka wenye mahema na mafundi kilikuwa rahisi kukitaja, kigumu kukipata. Lapar Malam iondolewe sokoni. Studio ikiri hadharani. Na herufi zikitumika tena, zitumike kwa majina ya waliozipaka na kwa masharti yao. Ilichukua karibu mwaka. Wakili kijana wa Surabaya alijitolea, lakini kilichofanya kazi zaidi ni pakiti ya muhogo. Kisa cha o kiliposambaa mtandaoni, kampuni ya muhogo, ikiogopa wateja, iliacha kuitumia fonti ile. Kisha benki. Kisha mikahawa, mmoja mmoja. Fonti ambayo kila mtu alijua imeibwa haikuwa tena na ukarimu usoni. Mwezi wa tatu mwaka huu studio ilikiri kwa maandishi na kuiondoa.

Hapo wengi walidhani Kasmuri angeizika kompyuta. Yeye alifanya kinyume. Alimtumia Galang ujumbe: njoo Babat, uje na mashine yako.

Kijiji kilinung'unika. Jumain alivuka mto makusudi kuja kusema kwamba mwizi hukaribishwa mlangoni, si mezani.

"Alikubali mbele ya watu wakati kukana kulikuwa rahisi," Kasmuri alimjibu. "Wangapi unawajua waliofanya hivyo? Mimi simjui hata diwani mmoja."

Kwa miezi mitatu sasa Galang hulala kwenye chumba cha mbele. Asubuhi Kasmuri hupaka herufi kwenye kitambaa, si karatasi, kwa sababu mkono wake haujui karatasi. Mchana Galang huzipiga picha na kuziingiza kwenye kompyuta. Ugomvi haukomi ndani ya nyumba, ingawa Galang humwita Pak, yaani Baba, kwa heshima.

"Pak, hii e na hii e hazifanani. Nichukue ipi?"

"Zote."

"Fonti huwa na e moja, Pak."

"Andika Pecel Lele. Una e ngapi? Nne. Wewe ukiwa na watoto wanne utawapa sura moja?"

Kwa hiyo fonti mpya ina e nne, na kompyuta inabadilisha yenyewe kila unapoandika. Ina a tatu. Jumain, baada ya kunung'unika wiki mbili, alirudi na kitambaa chake chini ya kwapa, akasema s za Kasmuri siku zote zimekuwa kama funza. S zilizomo ni za Jumain, na jina lake limeandikwa. Wakati huo ndipo Kasmuri alipomjibu lile swali la msikitini.

"Uliniuliza nitaandika kama nani. Nitaandika kama Kasmuri aliyeombwa."

"Na mimi?"

"Wewe utaandika kama Jumain, pole sana."

O ni ya Sumiatun kwa sharti lake mwenyewe. Alikuja Babat siku ya Ijumaa, akaomba brashi, akapaka o nyingine kwa mkono wa kushoto, safi, bila tone. Hiyo ndiyo wanayoruhusiwa watu wote. Ile yenye harage ameikataza isiingie kokote. Itabaki kwenye bango la Narto.

Kasmuri si mtu wa kudhani herufi zake zinafaa kila kitu. Wakati wa Lapar Malam, mtu mmoja aliitumia kwenye onyo la nyaya za umeme. "Hatari!" kwa mkono wa hema la chakula. "Mtu akisoma vile atauliza kama inakuja na wali," anasema. Katika maelezo ya fonti mpya ameamuru iandikwe waziwazi: ni kwa chakula, harusi, sherehe, vitabu vya watoto na salamu. Si kwa dawa, makaburi, mahakama wala umeme. Na si kwa mikopo. Hilo la mikopo aliliongeza Lilik.

Fonti inaitwa Tarwi, jina la mwalimu. Itatolewa mwezi ujao. Mwenye hema, mwenye mkokoteni, mama anayepika barazani, ataipata bure. Mwenye mlango wa kioo atalipa, na fedha itaingia kwenye mfuko wa mafundi kumi na mmoja wa vijiji vya hapa, wakiwemo waliostaafu. Oda za mabango ya kitambaa zimeanza kupanda tena, kumi na moja mwezi uliopita. Baadhi ni za watu walioona kisa cha o mtandaoni na sasa wanataka kitu chenye mkono wao. Fungu la kwanza la Kasmuri, kama litakuja, ni la jicho. La pili ni la paa. Lilik ana maoni tofauti kuhusu utaratibu huo.

Je, haitaibwa tena? Galang anasema hakuna kufuli kwenye kompyuta lisilofunguka. Wakili anasema kesi ni ndefu. Kasmuri anawasikiliza wote wawili, huku akisugua rangi ya kijani iliyoganda kwenye ukucha.

"Watu wetu wako wapi?" anauliza. "Jakarta wapo. Medan wapo. Ponirin anakwenda Balikpapan. Hakuna mtaa nchi hii ambao mtu wa Lamongan hapiti jioni na karai, na kila mmoja amekua akiutazama mkono huu. Nimewaambia wote. Wakiiona herufi yetu kwenye mlango wa kioo, waingie, waulize kwa adabu kama imelipiwa. Wakijibiwa vibaya, tunajua kukaanga bata."

Na wakiiona kwenye mkokoteni wa mtu fukara wasiyemjua, asiyetoka kwetu?

"Hapo wasiulize kitu," anasema. "Wakae, waagize, wale."